Mvinyo kidogo na damu kuganda: yanayosemwa na ukweli

Dhana: Glasi moja ya mvinyo mwekundu kila jioni huzuia damu kuganda.

Dhana hii haikuzuka tu. Pombe hupunguza kushikamana kwa chembe sahani, zile zinazokimbilia kuziba jeraha, na hushusha kidogo fibrinojeni, protini inayosukwa kuwa nyuzi za bonge la damu. Mwaka 1992 Serge Renaud na Michel de Lorgeril waliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda ndiyo sababu Wafaransa, pamoja na mafuta mengi wanayokula, hawakufa sana kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo mvinyo ukageuzwa dawa. Lakini walilinganisha nchi na nchi. Hawakujaribu mvinyo kwa wagonjwa. Katika tafiti nyingi zilizofuata, kundi la "wasiokunywa" lilichanganywa na watu walioacha pombe kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo wanywaji wakaonekana wazima kuliko walivyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Na hiyo glasi ni ipi? Mililita 150 za mvinyo wa asilimia 12, uwe wa Bordeaux au wa Dodoma, zina takriban gramu 14 za pombe. Glasi kubwa ya mililita 250 ina karibu gramu 24.

Dhana: Kinachozuia damu kuganda ni resveratroli, kemikali ya ganda la zabibu.

Lita nzima ya mvinyo huwa na miligramu chache tu za kemikali hiyo. Majaribio hutumia vidonge vya mamia ya miligramu.

Dhana: Mvinyo hulinda miguu safarini.

Bonge la mguuni huanzia penye damu inayokwenda polepole, na limejaa nyuzi za fibrini zaidi ya chembe sahani. Mnywaji hulala bila kujigeuza, damu ikatuama. Kwa safari inayozidi saa 4, chezesha vifundo vya miguu, inuka utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, usisubiri hata saa moja.

Dhana: Mvinyo husaidiana na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Kwa anayetumia warfarini, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kunywa sana usiku mmoja hukipandisha, damu ikavuja. Kunywa sana kila siku huweza kukishusha, maana ini huzoea kuivunja dawa haraka, na bonge likarudi. Aspirini na pombe hukwangua utando wa tumbo. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu.