Kabla Hujapiga Windows Upya: Laptopu Inapokataa Wi-Fi, Anzia Hapa

Kila muhula unapoanza, dawati letu la TEHAMA chuoni hupokea laptopu zenye lalamiko moja: "Haishiki Wi-Fi." Nyingine zinatufikia zikiwa zimeshapita kwa fundi wa mtaani na kupigwa Windows upya. Mwenye nayo amelipa, faili zake za utafiti zimefutika, na Wi-Fi bado haishiki. Pengine hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu Windows mpya imewekwa bila draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi ya mashine ile. Inauma kuona hivyo, maana mara nyingi chanzo kilikuwa nywila iliyobadilishwa, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma, au ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, ambayo yenyewe haikuwa na intaneti. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibiwa kwa kufuta diski.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni mawasiliano ya redio kati ya laptopu yako na ruta iliyo mita chache kutoka ulipokaa. Intaneti ni kile ambacho ruta inakipata kutoka kwa kampuni ya mtandao, ama kwa waya wa faiba, ama kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Kwa hiyo unaweza kuwa na Wi-Fi yenye nguvu kabisa, mistari yote imejaa, na usiweze kufungua hata ukurasa mmoja. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni upande upi umekatika.

Kipimo cha haraka ni simu yako. Iunganishe kwenye Wi-Fi ileile, kisha zima data ya simu. Hapo pa kuzima data ndipo wengi wanaporuka: simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, inahamia kwenye bando kimyakimya, na wewe unabaki kuilaumu laptopu. Data ikishazimwa, fungua tovuti ambayo hujaitembelea leo. Ikigoma, laptopu haina kosa.

Nenda basi kwenye ruta. Kwenye visanduku vya faiba tafuta taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga kutoka kwa kampuni haufiki: waya umechomoka, umekunjwa mno au umekatika huko nje, na dawa ni kupiga simu kwa kampuni. Ruta ya laini ya simu, angalia kwanza kama bando halijaisha. Ukitaka kuizima na kuiwasha, chomoa umeme, subiri kama nusu dakika, rudisha, halafu ipe dakika mbili tatu itulie. Ila kile kitundu kidogo cha nyuma kinachobonyezwa kwa pini usikiguse. Hakiwashi ruta upya, kinafuta mipangilio yote iliyowekwa na kampuni, na kwa ruta nyingi za faiba itakubidi umsubiri fundi wao aje aiweke tena.

Na kuna siku tatizo liko mbali kuliko ruta na hata mtaa wenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuhudumia, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania, Kenya na majirani kadhaa intaneti ikazorota. Siku ya namna hiyo waulize walio mtaa mwingine wanaotumia kampuni nyingine kabla hujaanza kubadilisha chochote kwenye mashine yako.

Tuseme sasa simu inafungua vizuri na laptopu ndiyo iliyokataa. Nitazungumzia Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu. Angalia kilichoandikwa kwenye alama ya mtandao kule chini kulia, kwa sababu "haishiki" ina sura tatu na kila moja ina njia yake.

Sura ya kwanza: laptopu haioni mtandao wowote. Hapa anza na hali ya ndegeni ("Airplane mode"). Laptopu nyingi zina kitufe chake kwenye safu ya juu ya kibodi. Kwenye HP nyingi ni F12, kwenye ThinkPad nyingi ni F8, na ukikigusa kwa bahati mbaya redio yote inazimika. Laptopu za zamani zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni, na inaweza kusogea yenyewe ndani ya begi. Kama hali ya ndegeni imezimwa lakini kitufe cha Wi-Fi chenyewe hakipo kwenye skrini, maana yake Windows haiioni kadi. Chagua "Restart", si "Shut down". Windows za siku hizi, kwenye mashine nyingi, zikizimwa kwa "Shut down" huhifadhi sehemu ya kumbukumbu ili ziwake haraka kesho, na hitilafu huhifadhiwa pamoja nayo. "Restart" ndiyo inayosafisha kweli. Isiposaidia, izime, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 mfululizo, halafu iwashe. Kadi iliyoganda baada ya laptopu kulala muda mrefu hurudi kwa njia hii mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Bado haijarudi? Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na X, chagua "Device Manager", fungua "Network adapters". Ukiona jina la kadi ya Wi-Fi lina alama ya njano, draiva ina matatizo. Usipoona kadi kabisa, huenda draiva haipo au kadi imelegea au imekufa. Draiva ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa kuandika modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mara moja ziache. Nyingi huja na matangazo na virusi.

Utauliza, nitapakuaje draiva na intaneti sina? Chukua simu ya Android, iunganishe na laptopu kwa kebo ya USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti na uwashe kugawa mtandao kwa USB. Laptopu itaichukua simu kama kadi ya waya, na kwa kawaida haitadai draiva nyingine. Njia hii imeokoa wanafunzi wengi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti. Ila ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo ("Properties") na uwashe "Metered connection", la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho yake na bando litaisha kabla draiva haijamalizika.

Ndani ya sura hii kuna hali moja inayochanganya watu: laptopu inaona Wi-Fi za majirani wote, inayokosekana ni ya kwako tu. Wi-Fi nyingi hurusha kwenye masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Ya 5 ina kasi zaidi lakini haifiki mbali na hudhoofishwa na kuta za zege, na laptopu za zamani za bei nafuu hazina uwezo wa kuiona kabisa. Hotspoti ya simu yako ikiwa imewekwa 5 GHz, laptopu hiyo haitaiona hata ukiziweka bega kwa bega. Kwenye Android badilisha masafa hadi 2.4 ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata washa "Maximize Compatibility". Kwa upande mwingine, wanaoishi hosteli ambako kila chumba kina hotspoti wajue kwamba 2.4 GHz ndiyo yenye msongamano, na Bluetooth na maikrowevu nazo zinatumia hapohapo. Kama laptopu yako inaiweza 5 GHz na ruta iko chumbani, itumie.

Sura ya pili: mtandao unauona, lakini kila ukijaribu unakataliwa. Hapa usibuni makubwa. Nywila imebadilishwa, na laptopu inaendelea kupeleka ile ya zamani iliyoihifadhi. Ingia "Manage known networks", chagua mtandao huo, bonyeza "Forget", kisha andika nywila upya huku ukiitazama, maana herufi kubwa na ndogo hazifanani. Sababu nyingine ni idadi. Hotspoti za simu na ruta ndogo za mfukoni zina kikomo cha vifaa. Kikifikiwa, anayefuata anakataliwa bila maelezo yoyote ya maana. Toa kimoja ujaribu tena. Kwenye mitandao ya vyuo na ofisi ambako unaingia kwa jina lako na nywila yako, hakikisha akaunti haijaisha muda. Ikiwa taasisi inasajili vifaa kwa anwani ya kadi, zima "Random hardware addresses" kwa mtandao huo, kwani mpangilio huo huifanya laptopu ijitambulishe kwa namba ya kubuni na mtandao unaiona kama mgeni.

Sura ya tatu ndiyo inayowapeleka wengi kwa fundi bila sababu: imeunganika, lakini imeandikwa "No internet", au haikuandika chochote na kurasa hazifunguki. Fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig, halafu tazama mstari wa IPv4 Address chini ya Wi-Fi. Namba ikianza na 169.254, laptopu iliomba anwani kwa ruta, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Andika ipconfig /release, bonyeza Enter, kisha ipconfig /renew. Ikishindikana, angalia kwenye "Properties" za mtandao huo kama "IP assignment" iko kwenye "Automatic (DHCP)". Kuna mafundi huweka anwani ya kudumu kwa ajili ya ofisi fulani, na ukitoka na laptopu kwenda nyumbani au hotelini haipati kitu.

Ikiwa anwani ni ya kawaida, kama ile inayoanza na 192.168, andika ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyo kwenye intaneti. Ikijibu, intaneti unayo. Kama kurasa bado hazifunguki, pengine ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Andika ipconfig /flushdns, na nyumbani unaweza kuweka DNS ya 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kwenye mtandao wa taasisi iache ya moja kwa moja, kwa sababu nyingi huzuia DNS za nje. Chunguza pia VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Baadhi yake hufunga intaneti yote pale zinapokatika, kwa nia ya kukulinda, na hubaki zimeifunga hata ukisahau kwamba uliiweka. Iondoe kabisa kwa muda, na kwenye mipangilio ya "Proxy" hakikisha hakuna kilichowashwa.

Hotelini, uwanja wa ndege na vyuoni kuna ukurasa wa kuingia unaopaswa kujitokeza wenyewe. Usipojitokeza, andika neverssl.com kwenye kivinjari. Tovuti hiyo imetengenezwa makusudi bila usimbaji, ili ukurasa wa kuingia upate mahali pa kujitokeza.

Halafu kuna saa. Hili nalisisitiza kwa wenye laptopu zilizotumika, na nchini kwetu ni wengi. Ndani ya mashine nyingi kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati laptopu imezimwa. Ikifa, kila ukiwasha tarehe inarudi miaka kadhaa nyuma. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu iliyo mwaka 2015 inaona cheti cha leo bado hakijaanza, inakikataa, na kivinjari kinakuonya kwamba muunganisho si wa faragha. Wi-Fi nzima, intaneti ipo, na bado Google haifunguki. Rekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa, ukurasa utafunguka hapohapo. Ikirudi nyuma kesho, nunua betri hiyo ubadilishiwe.

Kuna kitufe cha "Network reset" kwenye mipangilio. Kitumie mwisho, baada ya yote haya. Hakigusi faili zako, lakini kinafuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa na mipangilio ya VPN, hivyo ziandike kwanza.

Na kama ni lazima laptopu iende kwa fundi, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje kabla haijatoka mkononi mwako. Mweleze ni sura ipi kati ya hizi tatu, namba gani uliiona kwenye ipconfig, na kama simu ilifanya kazi kwenye Wi-Fi ileile. Akisema dawa ni kupiga Windows upya, muulize kwanza kama amejaribu kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB. Ikiwa hiyo inashika, Windows yako ni nzima, na kinachohitaji kubadilishwa ni kadi ya ndani au draiva yake.