Taa ya projekta inasingiziwa

Rafiki yangu wa Ngara, Nairobi, alifungua mkebe wa mkanda wa filamu wa milimita 35 uliokaa miaka mingi katika stoo ya babake, akauelekeza dirishani. Anga ya waridi, nyasi za kahawia, nyuso kama matofali. "Hiyo imechomwa na taa ya projekta," mjomba wake akakata shauri. Wengi wangemuunga mkono, maana sote tumeona pazia linavyochujuka kwa jua.

Lakini piga hesabu. Projekta hupitisha picha 24 kwa sekunde. Hata filamu ikionyeshwa mara 500, kila picha itakuwa imesimama mbele ya taa kwa muda usiofika nusu dakika. Umri wake mwingine wote huupitisha gizani ndani ya mkebe, na humo ndimo rangi hufia. Mkanda wa aina ya Eastmancolor, ulioingia sokoni mwaka 1950, una rangi tatu katika matabaka ya jelatini: manjano, majenta (waridi iliyokolea) na samawati iliyokaribia kijani. Rangi hizo hutengenezwa na kemikali wakati mkanda unaposafishwa kwa dawa ili picha itokee, na kemikali hazitulii. Joto na unyevu huzivunjavunja polepole, hata bila mwanga. Katika nakala nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970, samawati ndiyo hutangulia kutoweka. Kazi yake ilikuwa kuzuia mwanga mwekundu; ikiondoka, wekundu unapita bila kizuizi. Manjano nayo ikidhoofu, majenta hubaki ikitawala peke yake.

"Si Nairobi kuna baridi?" Kuna baridi ya sweta, naam. Hifadhi za filamu huweka mikanda ya rangi kwenye ubaridi wa karibu nyuzi sifuri au chini yake, na hewa iwe kavu. Stoo yenye paa la mabati mchana wa Februari ni habari nyingine kabisa.

Wala si kweli kwamba mkanda ukiwa mzee zaidi ndio uliochujuka zaidi. Nakala za Technicolor za miaka ya 1940, ambazo rangi zake zilipigwa juu ya mkanda zikiwa tayari, mara nyingi bado zinang'aa kuliko nakala za Eastmancolor za 1975. Kodak ilileta mikanda ya nakala yenye rangi za kudumu zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Harufu ya siki mkebeni? Huo ni ugonjwa wa asetati, plastiki inayobeba matabaka ya rangi. Rangi zina maradhi yake.

Kompyuta husaidia kurudisha rangi, ila kwa kukuza kilichosalia. Samawati ikiisha kabisa, fundi anakisia tu. Ndiyo maana filamu za thamani hunakiliwa kwenye mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe, mmoja kwa kila rangi: picha ya chembe za fedha haichujuki kama rangi.