Treni ya Mombasa haikufika Kampala 1901

Tukipita stesheni ya zamani ya Kampala, hakosi wa kusema: "Hii ni ya 1901, ile Reli ya Uganda." Sivyo, ndugu zangu, na inaniuma kuisikia kila mara. Mwaka huo reli kutoka Mombasa iliishia Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Jina halikuwa kosa: Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda hadi mpaka ulipohamishwa 1902. Hapo abiria walipanda meli kuvuka ziwa, na pamba yetu ikatoka kwa njia hiyohiyo. Treni ya moja kwa moja ilikuja 1931, daraja la Nile lilipokamilika Jinja. Ukiwa stesheni, inama uitazame njia: vyuma viwili vimeachana mita 1 tu, kipimo kilekile kilichoanzia Mombasa.