Siku saba za nini?

Juzi nimeikuta tena kwenye chati ya dawa. Mgonjwa wa ngiri, amewekewa wavu, upasuaji safi, umeisha vizuri, na chini yake: antibiotiki ya seftriaksoni asubuhi na jioni kwa siku saba. Nikamuuliza daktari kijana aliyeandika, hii ya nini? Akanijibu kwa upole kabisa, "Ya kinga, mfamasia. Kidonda si bado kibichi?"

Siku hiyo nilikuwa nimeshalisikia jibu hilo mara mbili, na chai sijanywa. Ndiyo maana naandika.

Fikra yenyewe iko hivi: kidonda cha upasuaji ni mlango ulio wazi, vijidudu vinaingia kila siku mpaka kipone, kwa hiyo antibiotiki ikae mlangoni kama mlinzi. Inaingia akilini, na si kweli. Mshono uliofungwa vizuri hujiziba juu ndani ya siku moja au mbili. Vijidudu vinavyoleta usaha wiki ya pili, mara nyingi viliingia mgonjwa akiwa bado mezani, kidonda kimeachama chini ya taa, na vingi vilitoka kwenye ngozi yake mwenyewe au utumbo wake. Kazi ya dozi ya kinga ni kuwa imeshafika ndani ya nyama wakati huo. Ukishafungwa mshono, kazi imekwisha.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1961 John Burke, mpasuaji wa Boston, aliwachoma simbilisi wa maabara bakteria ya stafilokoka kwenye ngozi, kisha akabadilisha saa ya kuwapa dawa. Waliopewa kabla ya bakteria kuingia, au papo hapo, hawakupata uvimbe wa maana. Waliocheleweshewa saa tatu, dawa ilikuwa kama maji. Mwaka 1992 Wamarekani wakatazama wagonjwa 2,847: waliopata dozi ndani ya saa mbili kabla ya kisu, asilimia 0.6 walioza kidonda. Waliopata zaidi ya saa tatu baada ya kisu, asilimia 3.3, na waliopewa mapema mno, zaidi ya saa mbili kabla, asilimia 3.8. Kumbe hata kuwahi sana ni kuchelewa kwa namna nyingine.

Hapa niseme ukweli ambao vitabu huurukaruka. Utafiti ule ulikuwa wa kutazama tu. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Walipokuja kugawanywa, huko Uswisi, zaidi ya 5,000, kundi moja likipata dozi kama dakika 42 kabla ya kisu na lingine kama dakika 16, hapakuwa na tofauti ya maana. Na mimi kwa miaka nilikuwa nikigombana na watoa dawa ya usingizi juu ya dakika kumi. Niliwaomba radhi wawili. Wa tatu bado hatuelewani, ila kwa mambo mengine. Ninachosimamia sasa ni hiki: iingie kabla ya kisu, ndani ya saa mbili, na kwa dawa inayotoka mwilini haraka usiitangulize mno.

Mengine nayapitia haraka maana hayana ubishi. Sefazolini, antibiotiki ya kawaida ya kinga, gramu 2, na gramu 3 kwa mwenye kilo 120 kwenda juu. Upasuaji ukipita saa nne, rudia. Damu ikimwagika zaidi ya lita moja na nusu, rudia. Mkanda wa kuzuia damu ukikazwa kabla dawa haijafika kwenye mguu, umeufungia mguu nje ya dawa. Vankomisini, antibiotiki nyingine, hudondoka polepole, saa moja au zaidi, kwa hiyo ianze mapema. Kuifungulia mgonjwa akiwa ameshapakwa dawa ya ngozi ni maigizo. Kwa mama wa upasuaji wa kujifungua, zamani tulisubiri kitovu kibanwe kwa kumhofia mtoto. Sasa inatolewa kabla ya kisu, kwa sababu mama analindwa zaidi na mtoto hakuonekana kudhurika. Na anayesema ana mzio wa penisilini, muulize alipatwa na nini hasa. Wengi wao wakipimwa hawana mzio wowote.

Sasa turudi kwenye kinachonichosha. Ukiwabana juu ya siku saba, wanahamia kwenye dreni, ule mrija wa kutoa majimaji kidondani: "Sawa, lakini ana mrija." Mrija umekuwa kibali cha kuandika antibiotiki mpaka mrija wenyewe utolewe, na mwenye kuutoa kaenda likizo. Dawa iliyo kwenye damu haiusafishi mrija wa plastiki. Inachofanya ni kuua vijidudu dhaifu vilivyokuwa jirani na kuviachia nafasi vile isivyoviweza. Siku mrija unapooza, unaoza kwa vijidudu sugu, nawe umeshatumia dawa uliyokuwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2016, bila kuzungukazunguka: usiendeleze kinga baada ya upasuaji kwisha, na mrija si sababu.

"Haidhuru, kwa usalama tu." Inadhuru. Mwaka 2019 walichapisha hesabu za hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, wagonjwa zaidi ya 79,000: kadiri siku za kinga zilivyoongezeka, ndivyo figo zilivyoumia na kuhara kwa klostridia, bakteria anayestawi utumbo ukishavurugwa na antibiotiki, kulivyopanda, na maambukizi ya kidonda hayakupungua. Shida ni kwamba madhara haya hayamrudii aliyeandika. Mgonjwa wa usaha hurudi kwa mpasuaji wake, anamkumbuka kwa sura na jina. Mgonjwa wa kuhara hulazwa wodi nyingine, kwa daktari mwingine, na hakuna anayempigia simu mpasuaji kumwambia.

Kama utumbo umeshapasuka na usaha umejaa tumboni, hiyo si kinga, ni tiba. Iandike "tiba". Hata hapo, chanzo kikishadhibitiwa, siku nne hivi zinatosha kwa wengi.

Penye shaka napo nipaseme. Kwenye upasuaji wa moyo, miongozo haikubaliani: wengine saa 24, wengine 48, na mimi nikiona saa 24 nanyamaza. Ngiri ndogo kwa mtu mzima wa afya, pale maambukizi yalipo machache, huenda hata dozi moja haihitajiki. Na kuna mgonjwa mmoja ambaye nilisisitiza dawa isimame. Wiki iliyofuata kidonda chake kikatoa usaha. Mpasuaji alinikuta koridoni, hakusema kitu, alinitazama tu. Takwimu zinaniambia siku tano zaidi zisingebadili chochote. Usiku ule takwimu hazikunisaidia kulala.

Yule daktari kijana alifuta siku zake saba, si kwa furaha. Akauliza, "Basi niandike nini?" Nikamwambia tukaangalie kwanza ile dozi inayohesabika ilichomwa saa ngapi. Tukafunua karatasi ya chumba cha upasuaji. Saa ya kuanza usingizi ipo, saa ya kisu ipo, saa ya kufunga mshono ipo, hata idadi ya vitambaa imesainiwa na watu wawili. Kisanduku cha antibiotiki kilikuwa kitupu.