Uchunguzi wa matumizi ya ardhi: kujua kiwanja kinafanya nini kabla ya kukipangia

Wakipita vijana wenye vishikwambi katika mitaa ya Rau, Msaranga au kule Mabogini, habari inayowatangulia ni moja: wamekuja kupima. Ikifika jioni imeshageuka: wanataka kuchukua maeneo yetu. Hofu hiyo naielewa, maana kwetu Moshi ardhi ndiyo ukoo. Lakini kazi wanayoifanya vijana hao mara nyingi si kupima.

Kupima ni kazi ya mpima ardhi. Anasimika bikoni, yaani vigingi vya mipaka, anachukua vipimo vya mipaka, na mwisho kiwanja kinapata namba ambayo mwenye nacho ataiombea hati. Uchunguzi wa matumizi ya ardhi ni kuzunguka eneo lote linaloandaliwa mpango, kipande kwa kipande, na kuandika kila kimoja kinatumika kwa kazi gani leo. Makazi, duka, gereji, shule, kanisa, msikiti, shamba la mahindi, makaburi, uwanja ambao watoto huchezea mpira. Swali la nani mwenye nacho halimo, na swali la kinafaa kiwe nini linangoja hatua ya baadaye. Zao la kazi hiyo ni ramani ya matumizi ya sasa, na juu ya ramani hiyo ndipo unachorwa mpango kabambe wa mji, ambao kwa kawaida hutazama miaka 20 mbele. Kwa Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mskoti Patrick Geddes, aliyefariki 1932, aliwasisitizia wapanga miji wa zama zake kwamba uchunguzi hutangulia, unafuata uchambuzi, na mpango huja mwisho. Alipinga mitaa kubomolewa bila kuchunguzwa kwanza.

Kwa Moshi jambo hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu manispaa yenyewe haifiki kilomita za mraba 60. Ukipanda kaskazini unaingia kwenye vihamba vya Uru na Kibosho, yaani maeneo ya ukoo ambako nyumba imezungukwa na migomba na kahawa. Ukishuka kusini unakuta mpunga wa Mabogini, kwenye skimu ya umwagiliaji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, kisha miwa ya TPC, kampuni ya sukari. Kwa hiyo mji ukitaka kupanuka, karibu kila upande utaingia kwenye ardhi ambayo tayari ina kazi, na mpango usioijua kazi hiyo utaiharibu bila hata kukusudia.

Wengi huuliza: siku hizi si kuna setilaiti? Ipo, na inasaidia sana. Picha za Sentinel-2, kwa mfano, kila nukta yake ni mraba wa mita 10 kwa 10, na mtu yeyote anaweza kuzipata bure. Ila picha inaonyesha kilichoifunika ardhi, haionyeshi ardhi inatumikaje. Bati ni bati, liwe limefunika nyumba ya familia, ghala la mahindi au kanisa la kukodi. Kijani nacho kinaweza kuwa msitu wa hifadhi wa Rau au migomba ya mtu. Ndiyo maana lazima watu watembee kwa miguu.

Niliwahi kufuatana na timu moja kwenye kihamba kilicho juu kidogo ya mji. Tulipita kwenye uzio wa masale, mmea ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini, mzee akatupokea, tukamwamkia shikamoo, akatuambia tukae kwanza. Barabarani alikuwa na fremu mbili, moja duka la bidhaa ndogondogo, nyingine fundi cherehani. Nyuma yake, vyumba sita vya kupanga. Nyuma ya vyumba, migomba, chini ya migomba kahawa, na juu ya vyote miti ya kivuli. Banda lilikuwa na ng'ombe wawili wa kufungia ndani. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, ulikata kihamba kwa mshazari. Kwenye kona yenye masale mengi kuliko kwingine walilala baba yake, babu yake na mke wake.

Kijana mwenye kishikwambi akabonyeza "makazi", akataka kwenda kwa jirani.

Hakukosea kwa uvivu. Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya jibu. Lakini fikiria neno hilo moja linavyosafiri. Mpangaji aliyeko ofisini ataona makazi, hataona chakula kinachotoka pale. Angebonyeza "kilimo", wapangaji wa vyumba sita wangetoweka na mahitaji yao ya maji na vyoo. Na katika majibu yote mawili mtu anaweza kuchora barabara ikapita juu ya makaburi, kisha ugomvi ukachukua miaka mingi kuliko barabara yenyewe. Fomu nzuri huuliza matumizi makuu na matumizi ya ziada, na inaacha mahali pa maelezo. Siku ile tulirudi, maelezo yakaandikwa kwa mkono kwenye daftari, na mzee akaonyesha mfongo unaingilia wapi na kutokea wapi.

Kuna kosa jingine linalonisumbua zaidi. Kaya nyingi za mlimani zina kihamba huku juu na shamba kule tambarare. Shambani hulimwa mahindi na maharage, na baada ya mavuno mabua hupandishwa kuja kulisha ng'ombe wa kihambani. Anayekagua tambarare wakati wa kiangazi ataona vumbi na visiki vya mabua, aandike "ardhi tupu". Neno hilo ni la hatari, maana eneo lililoandikwa tupu ndilo la kwanza kugawiwa viwanja. Uchunguzi wa msimu mmoja pembezoni mwa Moshi ni uchunguzi nusu.

Saa nazo zina mchezo wake. Sehemu ambayo asubuhi ni kando ya barabara tu, jioni ni soko la ndizi na mbogamboga lenye akina mama ishirini. Kiborloni siku ya soko na siku isiyo ya soko ni sehemu mbili tofauti. Timu inayofunga kazi saa tisa alasiri haiwezi kuyajua hayo ila iambiwe.

Kwenye mito, Karanga na Rau, uchunguzi huandika pia kilichojengwa au kinacholimwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, umbali uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Watu hapo huficha. Kuficha hakusaidii, kwa sababu nyumba isiyoandikwa haitafikiriwa kabisa wakati wa kupanga.

Kabla mpango haujakamilika, ramani ya matumizi ya sasa inapaswa kurudishwa kwa wananchi waihakiki, na mikutano hiyo huwa na watu wachache kupita kiasi. Nilihudhuria mmoja. Ramani ilibandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, imejaa rangi, na watu walisimama mbali nayo kama vile haiwahusu. Yule mzee wa vyumba sita alivaa miwani, akafuata barabara kwa kidole hadi kwake, akainama. Mfongo ulikuwepo, mstari mwembamba wa buluu. Kwenye kona hapakuwa na kitu. Akamwita afisa mipangomiji, akamwomba kalamu.