Haja Ndogo Unapata, Lakini Kanga Haikauki

Mama aliyepasuliwa tumboni na sasa anaroa usiku na mchana, mimi humuuliza kwanza: "Chooni unakwenda?" Wengi hushangaa. Wanakwenda, mkojo unatoka kama kawaida, na bado kanga waliyoikunja na kuikalia haikauki. Jibu hilo hunipeleka moja kwa moja kwenye mrija wa mkojo, ule unaotoa mkojo kwenye figo na kuupeleka kibofuni. Figo moja inaendelea kujaza kibofu. Ya pili mrija wake umejeruhiwa, na mkojo umejitafutia njia ukeni.

Kila figo ina mrija wake, urefu sentimita 25 hadi 30, unene milimita 3 au 4. Ukiguswa hujikunyata kama mnyoo, ndivyo tunavyoutambua. Tabu iko pale unapopita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, kiasi cha sentimita 2 tu kutoka shingo ya kizazi. Mama akivuja damu nyingi kwenye operesheni ya uzazi, au kikitolewa kizazi chenye uvimbe mkubwa, mrija huweza kukatwa, kuungua au kufungwa pamoja na mshipa. Hutokea hata mikononi mwa daktari mzoefu. Simtetei mtu: mgonjwa ana haki ya kuambiwa.

Mrija uliofungwa ndio unaonitia hofu zaidi, maana hauroweshi kanga. Huleta maumivu ya ubavu, homa, tumbo kujaa. Pengine hauleti chochote, na figo ikafa kimya kimya. Kwa hiyo ubavu ukiuma baada ya operesheni, usikaze mkaja ukangojea arubaini. Rudi hospitali, uombe ultrasaundi ya figo.

Jeraha likionekana mgonjwa angali mezani, hurekebishwa papo hapo. Likiwa dogo, tunapitisha kijimpira laini ndani ya mrija, kutoka figo hadi kibofu, upone ukiwa umekizunguka. Uliokatika karibu na kibofu tunauchomeka upya kibofuni. Mpira wa mkojo, ule unaotoka kibofuni hadi nje, hukaa wiki moja au mbili. Kijimpira cha ndani hutolewa baada ya wiki 6 hivi. Hakionekani kwa nje wala pengine hakiumi, ndiyo maana mtu akisharudi zake Micheweni, huko Pemba, hukisahau, na kikikaa miezi mingi huota mawe. Tarehe ya kukitoa iandikwe kwenye kadi, na mumeo au dada yako naye aijue.