Upande wa Kulia wa Moyo Katika Upasuaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ndugu wa mgonjwa akitoka kwa daktari baada ya kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), mara nyingi hurudi nyumbani na namba moja tu: "Moyo unasukuma kwa asilimia 60." Familia nzima inashusha pumzi. Namba hiyo, karibu kila mara, ni ya ventrikali ya kushoto, chumba kinachopeleka damu mwilini. Ventrikali ya kulia, inayopeleka damu kwenye mapafu, hakuna aliyeiulizia. Wapo wagonjwa ambao hiyo ndiyo huamua kama watatoka salama chumba cha mahututi.

"Upande wa kulia ni mfereji tu wa kupitishia damu"

Dhana hii haikuanzia mtaani, ilianzia maabara. Mwaka 1943 Isaac Starr na wenzake, huko Marekani, waliunguza ukuta wa ventrikali ya kulia ya mbwa, na shinikizo la damu kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, halikupanda kama ilivyotarajiwa. Kisha mwaka 1971 Francis Fontan, daktari wa upasuaji wa Bordeaux, Ufaransa, akachapisha upasuaji unaopeleka damu mapafuni bila kutegemea ventrikali ya kulia. Wengi wakaamini chumba hicho hakina kazi kubwa.

Kilichosahaulika ni mapafu. Mbwa wale walikuwa na mapafu mazima, na wagonjwa wa upasuaji wa Fontan huchaguliwa kwa sababu mishipa ya mapafu yao haina ukinzani mkubwa. Damu ikikuta njia nyepesi, hupita hata kwa msukumo hafifu. Njia ikiwa nzito, ni lazima kuwe na msukumaji.

Na msukumaji huyu ana maumbile yake. Ventrikali zote mbili hutoa kiasi kilekile cha damu, takribani lita 5 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia. Ila shinikizo la wastani kwenye ateri ya mapafu ni kama milimita 14 za zebaki, na kwenye aorta, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, ni karibu 90. Ndiyo maana ukuta wa kulia una unene wa milimita 3 hadi 5 tu. Ukuta mwembamba hivyo hupokea damu nyingi bila shida, lakini ukinzani ukipanda ghafla huishiwa nguvu upesi.

"Vali ya kushoto ikitengenezwa, kulia kutapona kwenyewe"

Hapa Afrika Mashariki hii ndiyo dhana inayonisumbua zaidi, kwa sababu homa ya rumatiki bado inaumiza vijana wetu. Mtoto anaugua koo, hatibiwi ipasavyo, na miaka kadhaa baadaye vali yake ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imekakamaa na kuwa nyembamba. Damu inarundikana nyuma yake hadi mapafuni, shinikizo la mapafu linapanda, na ventrikali ya kulia inasukuma mlango uliofungwa nusu. Inanenepa, halafu inatanuka. Ikitanuka inavuta duara la vali ya trikaspidi, mlango wa kuingilia ventrikali hiyo, nayo inaanza kuvuja. Miguu inavimba, tumbo linajaa maji, ini linauma.

Zamani trikaspidi iliachwa kwa matumaini kwamba itajirudi. Kwa baadhi hujirudi. Lakini duara likishatanuka, uvujaji huweza kubaki, au kuzidi miaka mingi baadaye, na kumpasua mtu mara ya pili kwa ajili ya trikaspidi peke yake ni hatari kuliko kuikaza siku ileile. Kwa hiyo miongozo ya sasa inataka trikaspidi inayovuja sana itengenezwe wakati wa upasuaji wa vali ya kushoto, na inashauri kufikiria kuiwekea pete ya kuikaza hata uvujaji ukiwa mdogo, endapo duara limefika milimita 40. Mgonjwa wako akipangiwa kubadilishiwa vali ya mitrali, muulize daktari: trikaspidi imepimwa, na ina milimita ngapi? Una haki ya kuuliza.

"Presha ikishuka, aongezewe dripu"

Aliyepoteza damu anahitaji kuongezewa, hilo halina ubishi. Ila ventrikali ya kulia iliyochoka haihitaji mzigo mwingine. Vyumba viwili hivi vimetenganishwa na ukuta mmoja, tena vimebanwa pamoja. Cha kulia kikifura, ukuta wa kati husukumwa kushoto, ventrikali ya kushoto hukosa nafasi ya kujaa, na presha hushuka zaidi. Nyuma yake ini na figo hujaa damu, mkojo hupungua.

Mgonjwa wa namna hii, mwenye presha ya chini na vena za shingo zilizotutumka, huenda akahitaji maji yapunguzwe kwa furosemaidi, presha ishikiliwe kwa noradrenalini, misuli isaidiwe kwa milrinoni, na mishipa ya mapafu ilegezwe kwa gesi ya nitriki oksaidi ya kuvuta. Dripu zikipunguzwa, msidhani ametelekezwa.

"Kulia kukichoka, daktari amekosea"

Si lazima. Mgonjwa hulala chali, na ateri ya moyo ya kulia huanzia mbele ya aorta, kwa hiyo povu la hewa hupanda huko kirahisi. Ventrikali yenyewe iko mbele, chini ya taa, hivyo hupata joto mapema wakati moyo umesimamishwa kwa baridi. Protamini, dawa inayotolewa baada ya mashine ya moyo na mapafu ili damu iweze kuganda tena, huweza kubana mishipa ya mapafu kwa dakika chache. Mikono bora kabisa hukutana na haya.

Vilevile, eko ya baada ya upasuaji huonyesha mwendo wa juu na chini wa ventrikali ya kulia umepungua, hata pale inaposukuma vizuri. Namba hiyo isisomwe peke yake.

"Mtoto wa Fallot akishapasuliwa, amepona"

Upasuaji wa tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, hufungua njia ya kwenda mapafuni, na mara nyingi huacha vali ya mapafu ikivuja. Mtoto anaweza kucheza mpira miaka mingi huku ventrikali yake ya kulia ikitanuka kimyakimya. Kliniki anazoitwa, hata akiwa mtu mzima, ni za kuipima ventrikali hiyo, ili vali mpya iwekwe kabla haijatanuka kiasi cha kushindwa kurudi.